Kuta za Viraka: Siku Nane kwa Gari, Moscow Hadi Petersburg

Bibi yake rafiki yangu alitutuma udongo. Alipiga simu kutoka St Petersburg usiku wa kuamkia safari, akamwagiza mjukuu wake asimame karibu na Vyazma, aingie msituni, afukue chini ya majani makavu na kumjazia chupa moja. "Usichukue wa kando ya barabara," alisema, "ule wamemwaga wakandarasi." Simu ilikuwa kwenye spika. Nilicheka kimoyomoyo, maana mkandarasi ndiye mimi.

Hiyo ilikuwa Juni 2019, kabla ya korona na kabla ya vita vikubwa vya Ukraine vilivyoanza 2022. Leo barabara hiyo hiyo ingekuwa safari nyingine kabisa. Nilisoma uhandisi wa ujenzi Moscow, miaka sita ukihesabu na ule wa kujifunza Kirusi, halafu nikarudi Dar es Salaam kwenye saruji na nondo. Kwa miaka yote hiyo nchi ile niliiona kupitia dirisha la treni ya usiku, yaani sikuiona. Mwanafunzi mgeni anajua hosteli, darasa, duka la kona na dirisha la kuongezea viza. Basi niliporudi kutembea, rafiki niliyesoma naye akaazima gari la baba yake, tukapanga: magharibi hadi Smolensk, tukunje kaskazini hadi Pskov, tukate kwenda Novgorod, tumalizie Petersburg kwa bibi. Yeye alikuwa na chupa yake, iliyowahi kuwa ya matango ya siki na bado ikinuka kitunguu saumu. Mimi nilikuwa na mtu wangu wa kumtafuta: Mwafrika aliyewajengea Warusi ngome, karibu miaka mia tatu iliyopita.

Borodino iko kilomita 120 hivi magharibi ya Moscow. Usitegemee milima. Ni mashamba na nyasi, vijito viwili vitatu, na vilima ambavyo kwetu visingepewa hata jina. Tarehe 7 Septemba 1812 jeshi la Napoleon na la Kutuzov, jemadari wa Warusi, yalikutana hapo alfajiri, na kufika jioni watu zaidi ya 70,000 walikuwa wameuawa au kujeruhiwa. Nani alishinda, inategemea umemuuliza nani. Wafaransa wanasema wao, kwa sababu Warusi waliondoka uwanjani. Warusi wanasema wao, kwa sababu jeshi lao halikuvunjika. Rafiki yangu aliniambia kwamba shuleni ukurasa mmoja unashinda Borodino, ukiufungua wa pili Moscow inaungua.

Kilima mashuhuri pale ni cha Raevsky, ilipokaa mizinga ya Warusi. Juu yake kuna mnara wa kumbukumbu, na pembeni kaburi la Jenerali Bagration, aliyekufa kwa jeraha alilolipata siku ile. Mnara unaonekana mkongwe kweli. Ulisimamishwa 1839. Mwaka 1932 Wasovieti wakaubomoa, na 1987 ukajengwa upya na dola ile ile. Kwa hiyo huo mnara "mkongwe" ni mdogo kuliko mimi. Nilidhani nimekutana na kioja. Sikujua kwamba nitakikuta kila kituo hadi mwisho wa safari.

Ukitembea kwenye nyasi unakuta kitu kingine kisichotajwa sana: vibanda vya zege, vimezama nusu ardhini, na tundu jembamba la bunduki likitazama magharibi. Ni vya 1941. Wajerumani walipokuja Oktoba mwaka ule, walipigwa na kupigana juu ya makaburi ya 1812, uwanja uleule, barabara ileile ya kwenda Moscow. Niliweka kiganja kwenye zege. Alama za mbao za fomu, zile zinazoshikilia zege hadi likauke, bado zinasomeka, hadi mafundo ya mti. Mtu alimimina zege lile kwa haraka, akajua hatapata muda wa kulipiga lipu.

Halafu kuna habari ya Margarita Tuchkova. Mume wake, Jenerali Tuchkov, aliuawa Borodino, na mwili wake haukuonekana. Yule mama alikuja mwenyewe kuutafuta kati ya maiti, hakuupata, akajenga kanisa dogo pale alipoambiwa mumewe alianguka, na kanisa lile baadaye likawa nyumba ya watawa ambayo ipo hadi leo. Wenyeji wanasema mkate mweusi wa Borodino, ule wenye giligilani juu, ulianzia kwa watawa wake. Wajuzi wa mikate wanabisha, wanasema haukuwepo kabla ya karne ya ishirini. Tulinunua mmoja, tukaula garini na siagi, hatukuingilia ugomvi wao.

Rafiki yangu alikuwa kimya pale kanisani. Nilikuja kuelewa siku hiyohiyo mchana.

Katikati tulipita Klushino, kijiji alikozaliwa Yuri Gagarin mwaka 1934. Wanaonyesha nyumba yao iliyojengwa upya, na shimo lililojengewa paa la udongo, kwa sababu Wajerumani walipoingia waliichukua nyumba na familia ikahamia shimoni. Mtu wa kwanza kwenda angani aliwahi kuishi chini ya ardhi. Ukitaka mapigano, hata hapo yapo: 1610 wapanda farasi wa Poland walilivunja jeshi la Warusi kijijini hapo hapo. Barabara hii haina kilomita iliyopumzika.

Vyazma yenyewe hatukukaa. Tuliegesha nje ya mji, tukaingia msituni kama dakika ishirini kwa miguu, mbu wakitusindikiza. Hapo ndipo alinisimulia. Julai 1941 Moscow iliunda divisheni 12 za wananchi wa kujitolea: walimu, wanamuziki, wafanyakazi wa viwandani, watu wa miwani. Baba yake bibi alikuwa mpiga chapa. Alipewa bunduki na wiki chache za mafunzo. Oktoba Wajerumani waliizingira Vyazma, mamia ya maelfu ya askari wakanasa ndani, na divisheni kadhaa za wale wananchi zikapotea zote. Familia ilipata karatasi yenye maneno ya kawaida ya siku zile: amepotea bila habari. Bibi alikuwa tumboni.

Akafukua kwa kijiko cha supu. Nilimwambia asiende chini zaidi ya kiganja, maana misitu ile bado ina mabomu. Ina na watu pia. Kila mwaka vikundi vya kujitolea vinakwenda misitu kama hiyo kufukua mifupa ya askari na kuizika kwa heshima. Wanachotafuta hasa ni kichupa cheusi cha eboniti, kidogo kama kidole, ambamo askari aliandika jina lake kwenye karatasi na kukizungushia kifuniko. Wengi waliacha karatasi tupu. Waliamini ukijaza utakufa. Matokeo yake anayechimba leo anakuta mifupa, anakuta kichupa, anafungua kwa mikono inayotetemeka, na ndani karatasi nyeupe.

Chupa ikajaa, akafunga kifuniko, akaiweka kiti cha nyuma na kuifunga mkanda.

Smolensk nilikuwa naisubiri kama mtoto anavyosubiri Idi. Kuna hoteli moja, jina naliacha, mhudumu wa mapokezi aliiona pasipoti yangu akasema vyumba vimekwisha, na rafiki yangu alipopiga simu kutoka nje vyumba vikapatikana. Tukalala kwingine. Asubuhi saa kumi na moja nilikuwa tayari ukutani. Juni huko giza ni fupi kama kikohozi.

Ukuta ule ulijengwa kati ya 1596 na 1602, zama za mtawala Boris Godunov, chini ya fundi mkuu Fyodor Kon. Kilomita sita na nusu, minara 38. Ili matofali na chokaa visipungue, ujenzi wa mawe ulipigwa marufuku kwingine kote nchini mpaka kazi ile iishe. Hebu fikiria tangazo kama hilo Kariakoo. Chini kabisa ni mawe meupe yaliyochongwa. Juu yake zinapanda kuta mbili za matofali, ya nje na ya ndani, na katikati wamejaza kifusi cha mawe kilichomiminiwa chokaa. Kwa hiyo ukiona tofali, umeona ngozi tu. Palipovunjika unaona nyama: mawe ya kila saizi, vipande vya tofali lililoungua, na chokaa nyingi yenye vidonge vyeupe ambavyo havikuchanganyika vizuri, kazi ya saidia fundi aliyechoka kukoroga. Nilifurahi kumwona. Miaka mia nne na ushee, bado uvivu wake unasomeka.

Sasa sikiliza ukuta huu ulivyoanguka. Mwaka 1609 Sigismund III, mfalme wa Poland, aliuzingira. Ndani alikuwepo gavana Mikhail Shein. Walikaa miezi 20. Mizinga ilipiga, mahandaki yalichimbwa na ya ndani yakachimbwa kuyapokea, watu wakaisha kwa njaa na kiseyeye, ukuta ukasimama. Mwishowe, Juni 1611, mwanajeshi wa Poland aitwaye Bartłomiej Nowodworski alitega baruti ndani ya mfereji wa maji machafu unaotokea chini ya ukuta. Ukalipuka, pengo likapatikana, wakaingia. Watu waliobaki walikimbilia kanisa kuu juu ya kilima, na ghala la baruti lililokuwa hapo likalipuka pamoja nao.

Kila mhandisi anayesoma hapa najua ameshituka nilipotaja mfereji. Unaweza kujenga ukuta mnene kuliko chumba cha kulala, halafu maji ya kuoshea vyombo yakamfungulia adui mlango. Nilikaa kwenye nyasi nikaanza kuikumbuka mifereji yangu yote niliyoichora, mmoja baada ya mwingine, na michache haikunipa amani.

Agosti 1812 Napoleon aliupiga tena, na Wafaransa walipokuwa wanaondoka mwishoni mwa mwaka, wakalipua minara kadhaa kwa hasira. Kilichofuata kilifanywa na wenyeji: mji umeungua, matofali mazuri yamesimama pale bila kazi, watu wakabeba. Sehemu nyingine ilibomolewa karne iliyofuata. Leo minara iliyobaki haifiki nusu, na ukuta unatokea na kupotea nyuma ya maghorofa, kamba za nguo na gereji. Mama mmoja alikuwa amelifunga beberu lake kwenye kigingi chini ya mnara, na beberu amepanda juu ya kifusi kama mlinzi wa zamu.

Nilichotazama zaidi ni viraka. Ukizoea, unavisoma kama maandishi. Tofali jeusi la zamani, kisha eneo jekundu la juzi. Mstari wa chokaa unaolegea, kisha mstari mkavu wa saruji. Na saruji ni mgeni mbaya. Haipitishi unyevu, maji yanabaki nyuma yake, baridi ikija yanaganda na kutanuka, uso wa tofali la zamani unabanduka kama gamba, saruji yenyewe inabaki mzima. Waliokarabati nyumba za Mji Mkongwe wa Zanzibar wanaijua hadithi hii bila baridi, kwa chumvi na mvua. Fundi anayeziba kwa haraka anamuua mgonjwa na kuacha bandeji.

Kutoka Smolensk tulielekea kaskazini kwa barabara inayokumbusha nyumbani, mashimo yenye lami pembeni. Kabla ya Velikiye Luki tairi likakubali msumari. Spana ya gari la baba haikulingana na nati, sijui kwa nini, na baba alipopigiwa simu naye hakujua. Mzee mmoja aliyekuwa anatoka kuvua samaki akasimama na pikipiki yenye behewa, akatoa spana yake bila kuombwa. Akaniuliza natoka wapi. Nikasema Tanzania. Akafikiri. Nikasema Zanzibar iko kwetu. Loo! Kuna shairi la watoto ambalo Warusi wa rika zote wamelikariri, lenye wanyama wagonjwa wanaokaa Zanzibar wakimngoja daktari. Mzee alilisoma lote, huku anakaza nati, kila mstari nati moja. Pesa alikataa. Akataka kujua kama wale wanyama walipona.

Sasa mtu wangu.

Abram Gannibal alizaliwa Afrika yapata 1696, akachukuliwa akiwa mtoto hadi Konstantinopoli, na 1704 akafikishwa Urusi kwa mfalme Petro Mkuu, aliyemsimamia ubatizo mwaka uliofuata. Wapi hasa Afrika, wanavyuoni wanavutana. Zamani ilisemwa Ethiopia. Mtafiti wa Benin, Dieudonné Gnammankou, akaleta hoja za Logone-Birni, ambayo sasa iko Cameroon, na wengi siku hizi wanaegemea huko. Mwenyewe, alipoomba cheo cha ukabaila 1742, aliandika kwamba alizaliwa mji wa Lagon. Kwenye muhuri wake aliweka tembo.

Petro alimpeleka Ufaransa akasomea mizinga na uhandisi wa ngome. Aliporudi alifundisha hesabu, akaandika kitabu cha jiometri na ujenzi wa ngome. Petro alipokufa wakubwa wapya wakamtupa Siberia, mpakani na China, eti akapime ngome. Alirudi, akawa kamanda wa Reval, ambayo leo ni Tallinn, akapanda hadi ujenerali, akafa 1781 akiwa mzee mwenye ardhi. Wengi wanamjua kwa sababu kitukuu chake ni Pushkin, mshairi ambaye Mrusi humtaja kama mtu wa ukoo wake. Mimi nilimtaka yeye mwenyewe, kwa kazi yake.

Ardhi aliyopewa na malkia Elizabeth wa Urusi iko mkoa wa Pskov, na shamba la Petrovskoye linatazamana na Mikhailovskoye, shamba la kina Pushkin, ng'ambo ya ziwa Kuchane. Njia za miti zilizopandwa kwa kamba, mstari umenyooka kabisa. Unajua mara moja kwamba palikaa mtu wa vipimo. Niliingia nyumbani mwake na moyo unadunda. Nikagusa mbao za mlango. Halafu mlinzi wa jumba la makumbusho, mama wa makamo mwenye shali, akasema kwa upole kwamba nyumba iliungua 1918 na hii imejengwa juu ya msingi wa zamani. Mikhailovskoye nako kuliungua, kukajengwa, kukaharibiwa tena vitani, kukajengwa tena.

Nikamuuliza, basi kipi hapa ni chake kweli?

"Msingi," akasema. "Na miti kadhaa. Na ile pale." Akaonyesha ziwa.

Aliniangalia kidogo, akaniuliza kama mimi ni ndugu. Nikamjibu kwa namna ya kwetu, kwamba ni babu, maana ukishafika umri ule kila mtu ni babu. Akaingia ndani akaniletea chai na jemu ya matunda meusi ya porini ambayo jina lake la Kiswahili sina. Nikainywa nimekaa kwenye ngazi za mhandisi mwenzangu.

Pskov ilinikamata kwa njia ambayo sikuitegemea: dagaa. Sokoni kina mama wanauza samaki wadogo waliokaushwa, wanawaita snetki, kutoka maziwa ya huko, wamewarundika mafungu kama Feri. Nikanunua fungu, nikatafuna nao nikitembea ukutani, rafiki yangu akikaa mbali na harufu. Kuta za Pskov ni za mawe ya chokaa, na waashi wake walikuwa wanapaka chokaa kwa mkono bila kunyoosha kwa rula, kwa hiyo jua la jioni likilala unaona mawimbi, kama mtu amepangusa ukuta kwa kiganja na kuondoka. Makanisa madogo yaliyojengwa hivyo yaliingia orodha ya urithi ya UNESCO mwaka huo huo wa safari yetu. Agosti 1581 Stefan Báthory wa Poland aliuzingira mji, mizinga yake ikafungua ukuta karibu na mnara wa Pokrovskaya, askari wakapanda hadi juu ya minara, na wakashushwa. Wanawake walibeba mawe na maji, na mapigano yakifika mwisho nao wakaingia. Mnara huo mnene tuliuona umekamilika na kofia yake ya mbao. Umetengenezwa upya baada ya vita vya pili, bila shaka.

Izborsk ni mwendo wa nusu saa tu. Ngome ya jiwe juu ya genge, chini chemchemi zinatoka kwenye mwamba na watu wanakinga maji kwa madumu. Waliozishindwa kuta zake waliuita mji wa chuma. Mwaka 1569 uliangukaje? Msaliti mmoja wa Kirusi akawavalisha askari wa upande wa Lithuania mavazi ya walinzi wa mfalme wa Urusi, Ivan wa Kutisha, akagonga lango usiku akaamrisha wafungue, wakafungua. Nani angethubutu kuwachelewesha watu wa Ivan? Mwaka 2012 ngome ilitengenezwa kwa ajili ya sherehe ya mji, na mawe mapya yanang'aa kama meno ya bandia. Sikuipenda kazi ile. Sitaki kuieleza zaidi.

Novgorod ningekaa mwezi. Ilikuwa jamhuri ya wafanyabiashara iliyoita mkutano kwa kengele, hadi 1478 Moscow ilipoichukua na kuiondoa kengele yenyewe. Kanisa la Sofia ndani ya boma lilijengwa 1045 hadi 1050. Mbele yake kuna mnara mkubwa wa shaba wa 1862, wa miaka elfu ya Urusi, umejaa watu wa historia wamezunguka duara. Wajerumani waliufungua vipande wausafirishe kwao; Wasovieti walipoingia Januari 1944 masanamu yalikuwa yametawanyika thelujini. Mji wote ulikuwa kifusi, watu wanalala mashimoni, vita havijaisha. Novemba mwaka uleule mnara ulikuwa umesimama tena. Rafiki yangu anaona fahari. Mimi, mtu wa ratiba na bajeti, niliuliza kama wale wa mashimoni walikuwa wamepata paa. Tukabishana hadi chakula cha jioni, na sidhani kama yeyote alimshinda mwenzake.

Lakini kilichonivunja kiko nje kidogo ya mji, Volotovo. Kanisa la karne ya 14 lililokuwa na michoro ukutani, likageuzwa kifusi vitani. Wakarabati walikusanya vipande vya lipu vyenye rangi, zaidi ya milioni moja, vingine vidogo kama ukucha. Wamekaa miongo wanaviunganisha. Niliona trei moja: vipande vya kahawia, vya kijani, kimoja chenye sehemu ya jicho. Kanisa lenyewe limejengwa upya, kuta nyeupe kabisa ndani, na hapa na pale kipande kimerudi mahali pake, kama kisiwa. Hawakupaka rangi kuziba nafasi. Walichoweza wamekirudisha, kisichowezekana wamekiacha cheupe. Hiyo ndiyo kazi ya kiraka niliyokuwa naitafuta tangu Smolensk, na niliitazama hadi mlinzi akazima taa.

Na kwa kuwa nimetaja mambo madogo, nitaje na Onfim. Udongo wa Novgorod una maji na hauna hewa, hivyo magome ya miti ya birch hayaozi. Tangu 1951 wamefukua barua zaidi ya elfu moja zilizokwaruzwa kwenye magome hayo: madeni, posa, malalamiko. Chache ni za mtoto Onfim, wa karne ya 13, umri kama miaka sita saba. Anaanza kuandika alfabeti, anachoka, anachora mtu juu ya farasi akimchoma mwingine mkuki, na pembeni anaandika jina lake. Vidole vya mikono amevihesabu vibaya. Katika safari nzima ya majemadari, huyo ndiye askari pekee niliyemcheka.

Siku ya mwisho tulivuka kwa boti hadi Oreshek, ngome ya kisiwani pale Neva inapotoka ziwa Ladoga. Novgorod waliianzisha 1323, Waswidi wakaichukua, Petro akairudisha 1702, ikawa gereza. Aleksandr Ulyanov, kaka yake Lenin, alinyongwa hapo 1887. Katika vita vya pili kikosi kidogo kiliishikilia karibu siku 500 huku Wajerumani wakiwa ng'ambo ya mto. Kanisa la katikati limeachwa kama lilivyopigwa. Hakuna kiraka hata kimoja. Ndani ya ngome nzima ni sehemu pekee ambayo watu walikuwa wananong'ona.

Bibi alitupokea mlangoni na hakutusalimu kwanza. Alitazama chupa. Akaifungua, akanusa.

"Msituni?"

"Msituni, bibi."

Warusi mtu mzima humwita kwa jina lake na jina la baba yake, kama pwani anavyoitwa mtu fulani binti fulani. Kwa hiyo mwanamke huyu, kwa miaka 77, kila aliyemheshimu, mwalimu, daktari, jirani, karani wa posta, amelitaja jina la mpiga chapa ambaye hakumwona hata siku moja. Nami nilipomsalimu kwa adabu zote nilizofundishwa, nikalitaja.

Kesho yake tulikwenda makaburini, kwa mama yake. Alikuwa amekuja na kijiko chake mwenyewe, cha aluminiamu. Akamimina udongo wa Vyazma taratibu kwenye kona ya kaburi, akausawazisha, akaona jiwe dogo akalitoa, akalitazama, akalirudisha. Halafu akaninyooshea chupa tupu, akaniambia mwanangu, kalete maji, bomba liko kule nyuma ya mti.